Msinunue spika kabla hamjaupima ukumbi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili tuseme na kamati za ujenzi za misikiti, makanisa na shule, na pia na vijana wanaojifunza uchoraji wa ramani na ufundi wa mitambo ya sauti. Ukumbi ambao watu wake wanasikia kelele wasisikie maneno umekosewa kwenye dari, kuta na sakafu. Michango ikikusanywa tena, spika kubwa zikanunuliwa, kosa linabaki palepale. Kosa hilo linahesabika kwa futi kamba, kalamu na simu ya mkononi, na lilitakiwa lihesabiwe ramani ikiwa bado karatasi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imejitenga na ile ya kwanza, kama mtu anayeita bondeni akaitikiwa. Mvumo ni mkia: msemaji amenyamaza, lakini sauti yake bado inazunguka kutoka ukutani hadi darini hadi sakafuni mpaka ife. Mafundi wengi huviita vyote viwili "eko", na hapo ndipo tiba inapokosewa, maana mwangwi una ukuta wake unaoweza kuunyooshea kidole, na mvumo ni wa chumba kizima.

Mvumo unakila Kiswahili kwa namna yake. Silabi zetu karibu zote huishia kwa vokali, na vokali ndiyo yenye nguvu na urefu. Konsonanti ni fupi na dhaifu. Chukua paka, taka, kaka, saka, shaka, chaka, zaka, daka. Tofauti yote iko kwenye sauti moja ya mwanzo, inayopita kufumba na kufumbua. Katika chumba chenye mvumo mrefu, mkia wa vokali ya neno lililotangulia unaifunika konsonanti hiyo, na msikilizaji anabaki na "-aka" peke yake. Mtu mzima huokolewa na maana ya sentensi. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kutenganisha pa na ta hana cha kumwokoa, kwa sababu neno lenyewe ndiyo kwanza analikuta.

Muda wa mvumo ni sekunde zinazopita tangu chanzo kikatike mpaka sauti ishuke desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani nguvu yake ibaki sehemu moja ya milioni. Hesabu yake tuliachiwa na Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa arekebishe ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho ya sanaa la Fogg, la chuo hicho, ambamo neno lilikuwa linaning'inia zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, kwa bomba la kinanda, saa ya kupimia muda na masikio yake, akiingiza matakia ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, machache machache, na kuandika muda kila alipoongeza. Matakia hayo ndiyo yaliyompa kanuni tunayotumia mpaka leo: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa chumba. Ukumbi wa muziki wa Boston Symphony Hall, uliofunguliwa 1900, ulisanifiwa kwa ushauri wake.

Jumla ya unyonyaji hupatikana kwa kuzidisha eneo la kila uso na namba yake ya kunyonya. Kipimo cha kwanza cha Sabine kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka hapo hairudi; dirisha hilo ni 1. Kwa masafa ya hezi 500, yaani sauti inayotetema mara 500 kwa sekunde, ukuta wa tofali uliopigwa lipu laini ni kama 0.02, sakafu ya saruji 0.02, vigae vya sakafu 0.01, kioo cha dirisha 0.15, dari ya jipsamu 0.05. Zulia zito lililotandikwa juu ya zege ni 0.14. Pazia zito lililokunjwa mpaka likabaki nusu ya upana wake ni kama 0.5, na lile jepesi lililonyooshwa halifiki robo ya hapo. Binadamu mzima aliyeketi ananyonya kama mita ya mraba 0.45, mtoto kama 0.35. Namba hizi hubadilika kwa masafa, kwa hiyo hesabu kamili hurudiwa kwa hezi 125, 250, 500, 1000, 2000 na 4000. Anayeanza aanze na 500.

Sasa darasa. Mita 9 kwa 7, dari ya jipsamu mita 3 kutoka sakafuni. Ujazo ni 189. Sakafu ya saruji mita za mraba 63 inatoa 1.26. Kuta zina mita za mraba 96 kwa jumla. Ukitoa madirisha 16 na mlango 2, lipu inabaki 78, nayo inatoa 1.56. Vioo vikiwa vimefungwa vinatoa 2.4, mlango wa mbao 0.2, dari 3.15. Jumla ni 8.57. Zidisha 0.161 kwa 189, gawanya kwa 8.57, unapata sekunde 3.55. Hilo ni darasa tupu. Ingiza watoto 45, yaani 15.75, jumla inakuwa 24.3, na muda unashuka hadi sekunde 1.25. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele wa mwaka 1999, linataka darasa lisizidi kama sekunde 0.6, na kelele za chinichini wakati wa kipindi zisizidi desibeli 35. Darasa letu limezidi mara mbili hata likiwa limejaa, na hapa tumechukua darasa lenye dari. Lisilo na dari lina ujazo mkubwa zaidi, na bati juu yake halinyonyi cha maana.

Kufika 0.6 kunahitaji unyonyaji wa 50.7. Tunapungukiwa 26.4. Paneli ya kunyonya sauti, ambayo utengenezaji wake tutaueleza chini, yenye namba 0.8 ikiziba jipsamu yenye 0.05 inaongeza 0.75 kwa kila mita ya mraba, hivyo tunahitaji mita za mraba 35, zaidi kidogo ya nusu ya dari. Kwa fremu za sentimita 60 kwa 120, hizo ni paneli 48 au 49. Huo ndio mwanzo na mwisho wa hesabu ya darasa moja, na inaandikwa upande mmoja wa karatasi ya daftari.

Wako watakaosema madirisha yafunguliwe tu. Ni kweli yanasaidia: madirisha ya kuteleza yakifunguliwa nusu, mita za mraba 8 zinakuwa wazi, na muda unashuka karibu na sekunde 1. Lakini dirisha linalotoa sauti ndilo linaloingiza bodaboda, mashine ya kusaga na watoto walio kwenye michezo. Sauti ya mwalimu inatakiwa ipite kelele kwa desibeli 15 masikioni mwa mtoto, na mwalimu anayezungumza bila kupaza ana kama desibeli 60 mita moja kutoka kinywani. Barabara ikileta 55 ndani, hesabu imekwisha kabla ya kuanza. Kwa hiyo shule iliyo kando ya barabara isitegemee madirisha. Ile iliyo shambani inaweza.

Ukumbi wa ibada ndio unaotuumiza zaidi, kwa sababu huko fedha za waumini huteketea kwenye spika. Chukua mita 24 kwa 14 kwa kimo cha 6: ujazo 2016. Vigae chini, jipsamu juu, lipu na mita za mraba 60 za vioo, viti vya plastiki ambavyo havinyonyi kitu. Jumla ya unyonyaji ni 37 tu, na mvumo ni zaidi ya sekunde 8. Wakija watu 300 siku ya ibada kubwa, wanaleta 135 kwa miili na nguo zao, na mvumo unakuwa sekunde 1.9. Siku ya katikati ya wiki wanakuja 60, mvumo ni sekunde 5. Ndiyo maana fundi wa mitambo anapanga vizuri siku moja, na siku ya pili analaumiwa kwa kazi ileile. Mitambo haijabadilika, walionyonya sauti wamebaki nyumbani. Viti vyenye sponji na kitambaa vinatibu hilo kwa sehemu kubwa: kiti kitupu cha namna hiyo kinanyonya kama 0.3, kwa hiyo viti 240 visivyo na mtu vinaleta 72, na siku ya watu 60 inashuka hadi sekunde 2.4. Ongeza mita za mraba 150 za paneli za kunyonya darini na ukumbi huo unakuwa sekunde 1.3 kwa watu 60, sekunde 1.1 ukijaa. Kwaya haitaharibikiwa hapo, na mahubiri yatasikika. Kwa muziki peke yake tungeuacha juu kidogo, sekunde 1.5 hadi 2. Kwa maneno peke yake tungeushusha chini ya 1. Msikiti wenye zulia umejipatia unyonyaji sakafuni, lakini zulia halishiki sauti nzito: kwa hezi 125 namba yake ni 0.02 tu, sawa na ukuta mtupu.

Kwa nini spika kubwa haziponyi? Karibu na msemaji unasikia sauti yake ya moja kwa moja. Kadiri unavyosogea mbali hiyo inapungua desibeli 6 kila umbali ukiongezeka maradufu, ilhali mvumo uko sawa karibu kila mahali chumbani. Upo umbali ambapo viwili hivyo vinalingana, tuuite umbali wa mpaka. Nje ya hapo mvumo ndio unaotawala. Unahesabiwa hivi: ujazo gawanya kwa muda wa mvumo, zidisha kwa namba ya jinsi chanzo kinavyoelekeza sauti, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 0.057. Kinywa cha mtu kina kama 2. Katika ukumbi wetu siku ya watu 60, umbali wa mpaka ni mita 1.6. Kila aliyeketi nyuma ya hapo anasikiliza mvumo. Spika inayoelekeza vizuri, yenye namba 10, inaufikisha mita 3.6. Sasa angalia: watti hazimo kabisa katika hesabu hiyo. Ukiongeza sauti, unaongeza ya moja kwa moja na mvumo kwa pamoja, uwiano hausogei, na watu wanapata kelele zaidi yenye maneno yaleyale machache. Vinavyosogeza mpaka ni viwili, kupunguza mvumo na kuelekeza sauti kwa watu peke yao. Ukitaka kuona tatizo kwa macho, tazama spika zinazoangalia ukuta wa nyuma juu ya vichwa vya watu. Zishushe zielekee vifuani mwa walio safu za kati, au chagua spika za mnara, ndefu na nyembamba, zinazotawanya sauti kwa upana na kuibana juu na chini.

Ukuta huo wa nyuma ndio pia unaozaa mwangwi. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Ikitoka mbele, ikagonga ukuta ulio umbali wa mita 24 na kurudi, imekwenda mita 48 na kuchelewa karibu milisekunde 140. Sikio huanza kuitenga sauti ya pili ikichelewa zaidi ya milisekunde 50, yaani njia ikizidi mita 17. Kwa hiyo paneli za kwanza ziende ukuta wa nyuma, kuanzia usawa wa kichwa kwenda juu. Ukifunga spika za pili katikati ya ukumbi, zicheleweshe milisekunde 2.9 kwa kila mita kutoka spika za mbele, kisha ongeza 10 hadi 15 ili sikio liamini sauti inatoka mbele. Umbali wa mita 14 ni milisekunde 41, ukiongeza unaweka kama 53. Spika za pili zisizocheleweshwa ni mwangwi uliojitengenezea kwa fedha zako.

Kuba na kuta za mviringo tutazitaja kwa ufupi: uso uliobonyea hukusanya sauti kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga. Kitovu cha kuba kikiangukia usawa wa masikio ya watu, wale walio hapo wanasikia mnong'ono wa mbali na kukosa msemaji wa karibu. Ama kiwe juu sana au kuba ipakwe kinachonyonya. Kinyume chake, uso wenye mashimo na michongo hutawanya sauti, na zidaka za nyumba za kale za Lamu, zile safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, zinatupendeza sana kwa sababu hiyo.

Paneli yenyewe si ya kuagiza ng'ambo. Seremala anatengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 5. Ndani inawekwa pamba ya mawe iliyogandamizwa, ya milimita 50, uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Mbele inavutwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kanga inatosha kabisa. Ukiiweka mbali na ukuta au dari kwa sentimita 5, inanyonya sauti za chini zaidi kuliko ikigusa. Kipimo cha kitambaa na cha kijazo ni pumzi yako: weka mdomo, puliza. Hewa ikipita kwa shida kidogo, sauti itaingia na kufia humo. Ikigoma kabisa, umetengeneza ukuta mwingine. Ikipita kana kwamba hakuna kitu, sauti nayo itapita na kurudi. Kwa sababu hiyo rangi ya mafuta juu ya paneli inaua kazi yote, na karatasi ya nailoni ya kuzuia vumbi inaua sauti za juu. Nyuzi za mkonge na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kushindiliwa hunyonya kwa kanuni hiyohiyo, lakini yanahitaji unene zaidi, dawa ya mchwa na dawa ya moto.

Kuhusu moto hatutapunguza maneno. Sponji ya magodoro inabandikwa kwenye kuta za kumbi na studio kwa kuwa ni nafuu na inaonekana kama zile za kwenye picha. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya sauti. Watu 100 walikufa. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, katika klabu ya Kiss, sponji tena, fataki tena, watu 242. Moshi wa sponji una sumu na unaenea upesi kuliko watu wanavyoweza kufika mlangoni. Kabla ya kufunga kijazo chochote, kata kipande, kipeleke nje, kiwashie kiberiti. Kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa njiti, kisiingie jengoni.

Trei za mayai nazo tuzimalize hapa. Karatasi yake ni nyembamba. Inagusa kidogo sauti za juu na kuziacha za kati na za chini zikizunguka, ndiyo maana studio zilizobandikwa trei zina sauti ya mtu aliye ndani ya ndoo. Na waliobandika hutegemea pia kwamba jirani hatasikia muziki. Kunyonya na kuzuia ni kazi mbili. Kinachonyonya ni chepesi na chenye vinyweleo. Kinachozuia ni kizito na kisichopitisha hewa. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili unazuia kama desibeli 6 zaidi. Ukuta wa tofali za inchi 6 zilizopigwa lipu pande zote mbili unazuia kama desibeli 45; uache bila lipu, sauti inapita kwenye vinyweleo vya tofali.

Na tundu linashinda ukuta. Tunaomba kila msimamizi wa ujenzi wa shule apande ngazi aangalie ukuta unaotenganisha madarasa mawili. Mara nyingi umeishia kwenye lenta, na juu yake pembetatu yote chini ya kenchi iko wazi. Kwa darasa la upana wa mita 7 na paa lililonyanyuka mita 1.4, hilo ni tundu la mita za mraba karibu 5. Hapo ukuta hauzuii kitu; darasa la tatu na la nne wanafundishwa hesabu na mwalimu wa jirani. Hata ukipandishwa, fundi akiacha pengo la sentimita 3 chini ya bati kwa urefu wa mita 7, pengo hilo ni mita ya mraba 0.21, asilimia 1 ya ukuta wa mita 7 kwa 3, na asilimia 1 inatosha kuushusha ukuta wa desibeli 45 hadi kama 20. Kozi za mwisho zikatwe kufuata mteremko wa paa, na mikunjo ya bati izibwe kwa saruji, mmoja mmoja. Ni kazi ya siku moja ya fundi mmoja, na hatujui kazi nyingine katika jengo la shule inayoleta faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mvua juu ya bati ni jambo la tatu. Bati la geji 30 ni ngozi ya ngoma: jepesi, limekazwa kwenye papi, na chini yake pana uwazi. Mvua ikishika, mwalimu huandika ubaoni na kunyamaza, kipindi kinageuka kuwa cha kunakili. Dari tupu ya jipsamu inapunguza, lakini haitoshi. Kinachotakiwa ni dari isiyo na mianya, yenye pamba ya mawe ya milimita 50 hadi 100 juu yake, na bati la geji nene zaidi. Vigae vya udongo ni bora kwa uzito wake. Paa la makuti ndilo tulivu kuliko yote wakati wa mvua, na wanaolijua pwani hawahitaji kipimo kuthibitisha.

Jengo likishasimama linapimwaje? Vifaa ni puto, simu na kompyuta yenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti. Zima mapangaboi. Jaza puto liwe na kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, lishike mita 1.5 kutoka sakafuni, lipasue kwa pini. Simu iwe mita 1.2 kutoka sakafuni, ambako sikio la aliyeketi hufika, angalau mita 1 kutoka ukuta wowote na mita kadhaa kutoka kwenye puto. Simama sehemu 2, weka simu sehemu 3 kwa kila moja, upate rekodi 6. Ondoa kila kitu cha simu kinachosafisha kelele au kusawazisha sauti, kwa sababu kinakata mkia na kukuonyesha ukumbi mzuri usiokuwapo. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Rekodi ikigonga juu na kukatika vichwa, sogeza simu mbali.

Kwenye kompyuta, chuja ibaki sehemu ya hezi 355 hadi 710 kwa ajili ya 500, kisha 710 hadi 1420 kwa ajili ya 1000. Badili mchoro usome kwa desibeli. Tafuta mahali mkia uliposhuka desibeli 5 chini ya kilele, na mahali uliposhuka 25. Muda kati ya hapo, zidisha kwa 3. Tunaanza 5 ili kuruka mlipuko wenyewe, na tunaishia 25 kwa sababu mara chache ukumbi una utulivu wa kutosha kushuka 60 zote. Hata hivyo, kelele za chini ziwe desibeli 35 chini ya kilele, la sivyo mkia unazama ndani yake na muda unatoka mrefu kuliko ukweli. Mkia ukiwa na miteremko miwili, wa haraka kisha wa polepole, tafuta chumba kingine kinachopumua humo: nafasi ya juu ya dari, baraza, ngazi. Kwa hezi 125 usiliamini puto; halina nguvu huko.

Halafu pima kwa masikio ya watu. Andaa maneno 50 yanayotofautiana kwa konsonanti moja: pima, lima, zima, sima, kima, hima, panda, tanda, kanda, sanda, ganda, randa, na mengineyo. Yachanganye. Msomaji asimame mahali pa mwalimu au mhubiri, aseme "andika neno", kisha neno, kwa sauti ileile bila kukaza. Watu waketi sehemu mbalimbali, waandike, wasitazamane. Weka makosa juu ya ramani ya ukumbi. Yakienea viti vyote, tatizo ni mvumo au kelele. Yakikusanyika viti vichache, ni mwangwi, nguzo au spika iliyoelekezwa vibaya. Aliye safu ya nyuma akikosa maneno 10 kati ya 50, sisi hatuwezi kupitisha ukumbi huo.

Kijana anayetaka kujifunza kazi hii asisubiri kozi. Achague vyumba 10 anavyoweza kuingia: darasa, ofisi ya kata, ukumbi wa harusi, sebule. Kwa kila kimoja apige makofi kwanza, asikilize. Kuta mbili tupu zinazotazamana zitampapatikia kama mbawa za njiwa, na hiyo ni dalili ya kuweka kitu kwenye mmojawapo. Kisha ahesabu, aandike jibu, na ndipo apasue puto. Hesabu na kipimo vitatofautiana. Unyonyaji wote ukiwa darini na kuta zikiwa tupu, hesabu ya Sabine hutoa muda mfupi kuliko halisi, kwa kuwa sauti hubaki ikichezeana kati ya kuta bila kupanda juu. Ndiyo maana hata katika lile darasa letu tungezitoa paneli 10 darini na kuzihamishia ukuta wa nyuma. Tofauti hizo 10, zikiandikwa na sababu zake, zinafundisha kuliko muhula mzima wa kukariri kanuni.

Tunachoziomba kamati ni karatasi mbili. Ya kwanza iambatane na ramani kabla ya mkandarasi kupewa kazi: ujazo, unyonyaji kwa masafa sita, muda wa mvumo ukumbi ukiwa tupu, nusu na umejaa, na kelele zilizopimwa kwenye kiwanja. Ya pili ni vipimo vya puto na maneno 50, jengo likiwa limekamilika. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke mpaka karatasi ya pili iwekwe mezani pembeni ya ya kwanza.

Wasomaji wako,
Wapimaji wa sauti za majengo,
Dar es Salaam